Wimbo Unapouacha Mchezo: Kutoka Broadway hadi Uwanja wa Mbina

Utangulizi

Pale Shishiyu, mkoani Simiyu, kuna kibanda cha kuonyeshea mpira. Kina mabenchi ya mbao, paa la bati na televisheni moja iliyofungwa juu ukutani. Siku Liverpool inapocheza nyumbani, kabla kipenga hakijapulizwa, watazamaji kule Uingereza huinua skafu zao na kuimba. Vijana wa kwetu waliokaa mabenchi ya mbele nao husimama. Wengi hawajui maneno yote. Huvuta sauti tu, wakingojea mahali pa kupaza. Likizo iliyopita nilimwuliza mmoja wao, huu ni wimbo wa nini? Alinitazama kama mtu anayemhurumia mgeni. "Si wimbo wa Liverpool? Kwani huko chuoni mnasoma nini?"

Jibu lake si kosa, ila si jibu lote. Wimbo huo, You'll Never Walk Alone, haukutungwa kwa ajili ya mpira. Ulitungiwa mchezo wa jukwaani uliofunguliwa New York mwaka 1945, na ndani ya mchezo huo mwanamke mmoja humwimbia mwenzake ambaye mumewe amekufa sasa hivi, mwili ungali pale pale. Muziki umetungwa na Richard Rodgers na maneno na Oscar Hammerstein wa Pili. Tokea kwenye jukwaa hilo hadi kibanda chetu cha mpira, wimbo umesafiri mwendo mrefu, na njiani umeacha mizigo.

Makala haya yanakusudia kueleza safari ya namna hiyo. Tutaangalia wimbo wa mchezo ni kitu gani, unatokaje katika mchezo wake, na unaacha nini nyuma. Tutaanzia Broadway kwa sababu huko mambo haya yanaonekana waziwazi. Kisha tutarudi nyumbani, kwa Siti binti Saad, kwa vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam, na mwisho kwenye uwanja wa ngoma Usukumani. Hoja yangu ni hii: wimbo unapotoka katika mchezo wake huwa umekatwa, na kipande kinachobaki nyuma mara nyingi ndicho kilichokuwa kinatuambia anaimbiwa nani na kwa nini. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kukichambua kipande kilichobaki kana kwamba ni kitu kizima. Hapo ndipo tunapojikwaa.

Wimbo wa mchezo ni nini?

Broadway ni barabara ya New York yenye majumba mengi ya michezo, kandokando yake na katika mitaa ya jirani. Jina la barabara limekuwa jina la sanaa yenyewe: mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake husema, huimba na hucheza. Mwanzoni mwa karne ya 20 michezo mingi ya aina hii ilikuwa mfululizo wa nyimbo na vichekesho vilivyofungwa pamoja kwa kisa chembamba. Wimbo ungeweza kuchomolewa katika mchezo huu ukapachikwa katika ule, na hakuna ambaye angelalamika.

Mwaka 1927 ulitoka mchezo Show Boat, wa Jerome Kern na huyo huyo Hammerstein, uliojaribu kuufunga wimbo na kisa kizito, ukiwemo ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Marekani. Mwaka 1943 Rodgers na Hammerstein wakatoa Oklahoma!, na tangu hapo utaratibu ukashika mizizi. Kwa kifupi, utaratibu wenyewe ni kwamba mhusika huanza kuimba pale ambapo maneno ya kusema hayamtoshi tena. Wimbo unafanya kazi katika kisa. Kabla ya wimbo mhusika alikuwa hajaamua, baada ya wimbo ameamua; au alikuwa anaficha jambo, na sasa sisi tunalijua.

Tuutazame mchezo wenye wimbo wetu. Unaitwa Carousel, na ulifunguliwa Aprili 19, 1945, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa bado haijaisha. Kisa chake kilichukuliwa kutoka mchezo Liliom wa mwandishi wa Hungaria, Ferenc Molnár, wa mwaka 1909. Billy Bigelow ni mpiga debe wa bembea za kuzunguka katika viwanja vya starehe. Anamwoa Julie Jordan, msichana wa kiwandani. Anapoteza kazi, anakuwa mkali, anampiga mkewe. Anaposikia mkewe ni mjamzito anaingiwa na tamaa ya fedha, anashiriki katika wizi, wizi unashindikana, naye anajiangusha juu ya kisu chake mwenyewe ili asikamatwe. Julie anabaki na maiti. Hapo ndipo Nettie, binamu yake, anapomwimbia.

Sasa fikirini, wenzangu, uzito wa dakika hiyo. Faraja inapelekwa kwa mjane anayemlilia mtu aliyempiga. Hadhira ukumbini inajua yote hayo. Kila neno la kumtia moyo linapita juu ya ujuzi huo mchungu. Wimbo unarudiwa mwishoni mwa mchezo, miaka kumi na mitano baadaye katika kisa, kwenye mahafali ya binti ambaye Billy hakuwahi kumwona akizaliwa. Safari hii maneno ni yale yale, lakini anayehitaji kuyasikia ni mtoto anayebaguliwa kwa sababu ya baba yake.

Umbo lenye mlango

Wimbo wa Broadway wa miaka ile mara nyingi ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa utangulizi mfupi, wenye mahadhi yanayokaribia usemaji wa kawaida. Kazi yake ilikuwa kumtoa mhusika katika mazungumzo na kumwingiza katika wimbo, na ndani yake mlikuwa na mambo ya kisa: yuko wapi, anamwambia nani, limempata nini. Ya pili ndiyo kiini, ile sehemu ambayo watu walitoka ukumbini wakiiimba. Kiini aghalabu kilikuwa na vipande vinne: kipande cha kwanza, marudio yake, kipande chenye mahadhi tofauti, kisha kurudi kwa kile cha kwanza. Umbo hilo linashikika kichwani upesi, kama kiitikio cha ngoma.

Nyimbo hizi zilipotoka ukumbini, zilitoka kwa njia tatu: karatasi za noti zilizouzwa madukani, santuri, na redio. Na waimbaji wa santuri na redio walifanya jambo moja ambalo mhakiki hana budi kulikumbuka. Mara nyingi waliuacha ule utangulizi wakaimba kiini peke yake. Ndiyo kusema, sehemu iliyokuwa imefungwa na mhusika na kisa ilitupwa, na ile isiyotaja jina la mtu ikaenda kwa watu.

You'll Never Walk Alone ulikuwa mwepesi zaidi kutoka, kwa kuwa maneno yake hayamtaji Julie, wala Billy, wala kisu. Kuna dhoruba, kuna njia, na kuna mtu anayeambiwa "wewe". Kila anayesikiliza anaweza kukaa katika hiyo "wewe". Frank Sinatra aliurekodi mwaka huo huo wa 1945. Mwaka 1963 kikundi cha Gerry and the Pacemakers, vijana wa Liverpool, waliurekodi ukashika nafasi ya kwanza Uingereza, na washangiliaji wa Anfield wakaufanya wao.

Je, wimbo umepoteza? Umepoteza. Pale uwanjani hakuna anayejua kwamba faraja hii ilianza kwa mwanamke aliyepigwa. Lakini itakuwa uzembe kusema umepoteza tu. Mwaka 1989 ulitokea msiba wa Hillsborough, uliochukua maisha ya mashabiki 97 wa Liverpool. Baada ya hapo wimbo ule uliimbwa tena na watu wenye maiti zao. Ulipata hadhira mpya yenye msiba wake wenyewe, na uzito ukarudi kwa mlango mwingine.

Mwimbaji kama mhakiki

Kati ya mtunzi na hadhira yuko mwimbaji, na huyu hatumpi haki yake katika madarasa yetu. Tukichambua shairi, tunauliza mtunzi amesema nini. Mwimbaji tunamwona kama bomba la maji: yanaingia huku yanatokea kule.

Mfano wa kutusahihisha ni Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito, aliyeimba Ol' Man River, wimbo wa Show Boat. Katika mchezo wimbo huo ni wa Joe, mchukuzi mweusi wa bandarini, aliyechoka. Robeson aliuimba akiwa Joe jukwaani London mwaka 1928, Broadway mwaka 1932, na katika filamu ya mwaka 1936. Kisha, katika maonyesho yake ya peke yake, aliyabadili maneno. Palipokuwa na uchovu akaweka mapambano. Hakuomba ruhusa kwa mhusika Joe. Alikuwa ameutoa wimbo katika mchezo, na alipoutoa aliona kwamba sasa anayeimba ni yeye, Robeson, mbele ya watu wanaojua yeye ni nani. Maneno ya kukata tamaa yangekuwa uongo kinywani mwake. Huo ni uhakiki, tena uhakiki wa vitendo.

Mfano wa pili ni Ella Fitzgerald. Kuanzia mwaka 1956 alitoa mfululizo wa albamu, kila moja ikiwa ya mtunzi mmoja au jozi ya watunzi wa nyimbo za namna hii; ya kwanza ilikuwa ya Cole Porter. Katika albamu hizo mara nyingi alizirudisha zile tangulizi zilizoachwa na wengine. Robeson aliujaza wimbo kwa nafsi yake. Ella aliurudishia mlango wake. Zote mbili ni kazi za mtu anayejua kwamba wimbo ulioko mbele yake umekatwa.

Siti binti Saad na mchezo wa mjini

Pengine msomaji atasema, haya ni ya Wamarekani, sisi hatuna Broadway. Kweli hatuna. Lakini tuna nyimbo zilizokuwa sehemu ya tukio ambalo hadhira ililijua, na tukio likatoweka wimbo ukabaki. Mwenyewe wa kuanza naye ni Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya kimaskini, na kabla ya kuwa mwimbaji aliuza vyungu. Taarabu wakati ule ilikuwa ya kasri na ya waungwana, na iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri zilizotoka kwa nembo ya His Master's Voice. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu ambao wengi wetu tumeusoma.

Katika nyimbo zake umo Kijiti. Msikilizaji wa leo akiusikia bila maelezo atapata jina la mtu, malalamiko, na mahadhi mazuri. Hadhira ya Unguja ya wakati ule ilipata zaidi. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alikwenda Unguja akauawa huko. Mshukiwa alitoroka akavuka bahari. Wanawake waliosimama mahakamani kutoa ushahidi waliishia wao wenyewe kuadhibiwa, kwa habari ya pombe. Waliokuwa wakimsikiliza Siti huko Ng'ambo waliijua kesi hiyo na wengi waliwajua waliohusika. Kwao wimbo ulikuwa hukumu ya pili, ile ambayo mahakama ya wakoloni haikuitoa.

Hebu linganisha na Carousel. Kule mchezo ulichezwa ukumbini kwa wahusika wa kubuni. Huku mchezo ulichezwa mitaani na mahakamani, kwa watu wa kweli. Lakini nafasi ya wimbo ni ile ile: unakuja pale maneno ya kawaida yaliposhindwa. Na tofauti moja ni kubwa. Kijiti una jina la mtu ndani yake. Haukufanyiwa ile kazi ya kuondolewa kisa ili kila mtu aweze kukaa ndani. Kwa hiyo haukuenda mbali kama wimbo wa Anfield, ila uliibeba kesi yake. Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na wazee wa Unguja na kuchapisha kitabu mwaka 2001, aliweza kuyapata yaliyokuwa nyuma ya nyimbo za Siti kwa sababu wazee hao walikuwa bado hai na bado wanakumbuka. Tujiulize ingekuwaje kama angechelewa miaka 20.

Vikundi vya Dar es Salaam

Karibu zaidi na Broadway ni vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980 na 1990. Muungano ilianzishwa mwaka 1980. Tanzania One Theatre, yaani TOT, ilianza mwaka 1992 chini ya uongozi wa Kapteni John Komba. Usiku mmoja wa kikundi kama hicho ulikuwa na ngoma, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza na muziki, vyote kwa kiingilio kimoja. Mtu aliyekwenda ukumbini alitazama maonyesho kwa saa kadhaa.

Kisha taarabu ikaanza kuumeza usiku wote. Muungano ilikuwa na Nasma Khamis na TOT ilikuwa na Khadija Kopa, na ushindani wa mipasho kati ya pande hizo mbili ukawa ndio watu wanaoufuata. Wimbo wa upande huu ulijibiwa na wimbo wa upande ule. Watu walikwenda kutunza fedha mbele ya mwimbaji kwa ubeti ambao kila mmoja aliuelekeza kwa hasimu wake mwenyewe: jirani, wifi, mke mwenza. Maigizo yakasinyaa, muziki ukabaki.

Hapa pana jambo la kulitazama kwa makini. Mpasho unaposikika leo redioni, peke yake, unaonekana kama matusi ya jumla yasiyo na mwenyewe. Wahakiki wengine wameudharau kwa hoja hiyo. Lakini mpasho ulikuwa nusu ya mazungumzo. Ukiusoma bila ule uliotangulia na bila ule uliofuata, ni sawa na kusikiliza mtu anaongea kwa simu na kumwita mwendawazimu kwa kuwa anajisemea.

Wanamuziki wa dansi walilitatua tatizo hili kwa njia nyingine. Marijani Rajabu (1955–1995) alizoea kumweka mhusika mwenye jina ndani ya wimbo, kama Zuwena na Georgina. Wimbo wa namna hiyo hauhitaji jukwaa, maana umebeba wahusika wake mwenyewe. Ndiyo maana kanda zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam zinapopigwa leo, kijana ambaye hakuwapo anaweza kumfuata mhusika hatua kwa hatua. Hilo ni suala la fani, wala si la bahati tu.

Uwanja wa mbina

Sasa turudi Usukumani, ambako nilipata sababu ya kuandika makala haya.

Msukuma huita ngoma mbina, na mashindano yake yana kambi mbili za zamani, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, kiangazi, kambi hizi hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna anayesubiri mwenzake amalize. Watazamaji huenda wanakovutwa, wakichoka huvuka upande wa pili, na mshindi ni yule aliyekusanya watu wengi zaidi. Watu husema pia kwamba kuna dawa, samba, ya kuvuta watazamaji. Lakini silaha inayosikika na wote ni wimbo. Manju huutunga akimlenga manju wa upande wa pili. Humcheka, humjibu, humkumbusha alivyoshindwa mwaka jana.

Kiangazi cha mwaka juzi nilirekodi kwa simu wimbo mmoja wa mashindano, dakika sita hivi. Nilifurahi kweli, nikasema hapa nimepata data ya tasnifu. Niliuandika wote katika daftari, nikautafsiri, nikaanza kuuchambua kama tulivyofundishwa: dhamira, taswira, tamathali za semi. Katika wimbo huo manju anamcheka mtu aliyeuza ng'ombe akanunua baiskeli. Nikaandika kurasa nzima kuhusu taswira ya baiskeli: usasa, tamaa, kuvunjika kwa uchumi wa mifugo. Nilijiona nimefika.

Nilimpelekea mjomba, ambaye ujana wake aliimba mbina. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie, akasikiliza tena. Kisha akasema, "Mpwa wangu, huyu anajibu. Aliyeuliza yuko wapi?"

Sikuwa naye. Wakati narekodi nilikuwa nimeupa mgongo upande wa pili, tena nilikasirika kwa kuwa makelele yao yalikuwa yanaharibu sauti. Mjomba akanieleza. Mwaka uliotangulia manju wa upande ule aliwaimba hawa kwamba ni watu wa kutembea kwa miguu, wanafika uwanjani wamechakaa kwa vumbi. Baiskeli ilikuwa jibu la hilo. Manju alikuwa anasema: sisi tulitembea na ng'ombe wetu tunao, ninyi mlipanda, ng'ombe wenu wako wapi? Basi, usasa wangu wote na uchumi wangu wa mifugo ulikuwa hauna miguu. Hakuna hata neno moja nililokuwa nimelitafsiri vibaya. Kilichokosekana kilikuwa upande wa pili wa uwanja.

M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliitazama fasihi simulizi kama tukio lenye fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Tumelikariri hilo sote, na katika mtihani tunaliandika bila kukosea. Lakini tukienda uwandani tunarekodi fani tu, na mengine tunayaita makelele.

Pingamizi

Rafiki yangu mmoja wa darasani, niliyemsomea makala haya, alinipinga. Alisema: wimbo usioweza kusimama peke yake si sanaa bora. Wimbo wa Anfield umesimama, ule wa baiskeli umeanguka. Kwa nini tuubebe? Ni hoja nzito.

Ninakubali sehemu yake. Kuweza kusafiri ni sifa, na inatokana na ufundi wa kweli, kama tulivyoona katika maneno ya Hammerstein. Lakini sioni kwa nini iwe sifa pekee. Wimbo wa manju ulitungwa uwashinde watu waliokuwa umbali wa hatua 100, siku ile ile, jua likiwa halijatua. Kuupima kwa uwezo wake wa kueleweka New York ni kuupima kwa kazi ambayo haukupewa. Tena wimbo wa Anfield haukusimama peke yake hata siku moja. Umekuwa ukihama kutoka mikono hii kwenda ile: kutoka kwa mjane wa jukwaani, kwa Sinatra, kwa vijana wa Liverpool, hadi kwa wafiwa wa 1989. Kila mahali kuna watu waliousimamisha.

Yuko pia Frank Gunderson, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2010 amekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, na kuziwekea maelezo ya asili yake. Maelezo hayo ndiyo yanayofanya nyimbo zile zisomeke na mtu asiyekuwapo. Ni kazi ile ile aliyoifanya Ella Fitzgerald alipozirudisha tangulizi, ila hii imefanywa kwa kalamu.

Hitimisho

Tumeona kwamba wimbo wa mchezo hutoka katika mchezo kwa kuacha jina, mahali na msemeshwaji wake. Kwamba mwimbaji anaweza kulijaza pengo hilo au kulirekebisha. Na kwamba hata sisi tusio na Broadway tunazo nyimbo zilizokatwa namna hiyo, tofauti ikiwa tu kwamba mchezo wetu ulichezwa mahakamani, katika kumbi za Dar es Salaam, au kwenye uwanja wa vumbi.

Kwa mwanafunzi wa fasihi anayekwenda kukusanya nyimbo, pendekezo langu ni la kawaida kabisa. Rekodi pande zote mbili. Kama una simu moja, mwombe mwenzako asimame upande wa pili. Andika ni nani alishinda mwaka uliopita na kwa wimbo gani. Kisha mpelekee mzee mmoja asikilize kabla hujaandika neno "taswira". Wazee waliomweleza Laura Fair mambo ya Unguja walikuwa wamebaki wachache. Na mamanju wa zamani wa kwetu nao hawaongezeki.

Wimbo wa baiskeli ninao bado kwenye simu. Mjomba anakumbuka kipande cha ule ulioimbwa mwaka uliotangulia, lakini si wote, na manju aliyeutunga alihamia mbali na watu wake. Nimeambiwa huonekana kwao wakati wa kupalilia pamba. Likizo ijayo nitakwenda kumtafuta.